Vema ya Mkono wa Kushoto

Duka langu la steshenari liko Karatu, hatua chache kutoka barabara ya lami inayopanda kwenda geti la Ngorongoro. Kutwa nzima magari ya watalii yanapita, vumbi jekundu linanyanyuka, linatulia, linanyanyuka tena, na mimi nimekaa nyuma ya mashine ya fotokopi nasikiliza inavyonguruma. Ile sauti ina usingizi ndani yake. Mchana, kabla wanafunzi hawajatoka shule, huwa nasinzia macho wazi, na mtu akiniuliza kama nina madaftari makubwa namjibu kitu kingine kabisa. Wateja wamenizoea. Wanasema mama steshenari yupo lakini hayupo.

Wiki iliyopita aliingia binti mmoja wa kidato cha tatu na mitihani ya zamani ya Uraia, anataka kopi. Nina tabia moja mbaya: nasoma vitu vya watu. Vyeti vya kuzaliwa, barua za kuomba kazi, hata hati za talaka, vyote vimepita mbele ya macho yangu, na najua sistahili. Basi nikasoma. Swali la sita lilitaka mtu aeleze kwa nini kura hupigwa kwa siri.

Nikabaki nimesimama na karatasi mkononi mpaka binti akauliza, "Mama, umeme umekatika?"

"Haujakatika," nikamwambia. "Ni mimi tu."

Shule yetu ilikuwa juu ya kilima, kati ya Rhotia na mjini, na nusu ya mwaka ilikaa ndani ya ukungu. Asubuhi za Juni na Julai ulikuwa unasikia kengele lakini humwoni anayeigonga. Unatembea kuelekea paredi, unaona soksi nyeupe zinakuja, kisha sketi, kisha uso. Sijui kama ilikuwa hivyo kila siku, lakini nikifumba macho ndivyo ninavyoiona: soksi zisizo na watu, na wimbo wa taifa unatoka mahali pasipoonekana.

Uraia tulifundishwa mchana, vipindi viwili mfululizo, baada ya ugali na maharage. Aliyepanga ratiba ile alikuwa na roho mbaya, nasema kweli. Saa hizo jua lilikuwa limeshapasua ukungu, bati linalialia kwa joto, nzi mmoja anazunguka, na ubaoni kuna maneno ya Kiingereza kuhusu mihimili mitatu ya dola, haki za raia na wajibu wa raia. Tuliyakariri kama tulivyokariri sala. Nyumbani kwetu tuliongea Kiiraqw, bwenini tuliongea Kiswahili, na demokrasia ikatujia kwa Kiingereza, kwa hiyo kwa muda mrefu niliamini ni jambo linalofanyika huko mbali, na watu waliovaa tai.

Mwalimu wa somo hilo tulimwita Madam. Alikuwa mwanamke mnene wa upande wa Tanga, kapangiwa kwetu na serikali, na baridi yetu ilimshinda tangu siku ya kwanza. Alivaa sweta mbili na koti juu, akafundisha mikono imejificha kwapani. "Jamani, nyie watu mnaishije humu?" aliuliza kila Jumatatu, kana kwamba tumeileta sisi hiyo baridi. Akiona darasa zima limelala alifunga kitabu na kuhamia Kiswahili. Kiswahili chake kilikuwa kitamu, kinateleza, hata wenye usingizi mzito walifungua jicho moja.

"Haya niambieni," alisema siku moja. "Huko kwenu, mkitaka kumpata mkubwa wenu, mnampataje?"

Mimi, mwenye mdomo usio na mlango, nikasema kwamba kwetu wazee wanakaa na kuongea mpaka wote wakubaliane. Hakuna kuhesabu. Akibaki mmoja hajakubali, wanarudi kesho. Darasa likacheka, maana wengi walikuwa Wairaqw na walijua vikao hivyo vinavyoweza kuchukua wiki.

Ndipo jirani yangu wa dawati akaongea. Alikuwa Mmasai wa upande wa Endulen, ng'ambo ya kreta, binti mrefu, mkimya, na ukimya wake ulinikera kwa sababu mimi siwezi. Alikaa mkono wangu wa kulia na alikuwa anaandika kwa mkono wa kushoto, kwa hiyo tuligongana viwiko tangu kidato cha kwanza. Mimi nagongwa, nafoka. Yeye anagongwa, anasogeza daftari. Mwandiko wake niliujua kuliko wangu. Hata alama ya vema aliichora kinyume na sisi wote: inaanzia kulia, inashuka, halafu inapanda kwenda kushoto na mkia mrefu usiojua pa kuishia.

"Kwetu mtu hajitangazi," alisema. "Anakamatwa. Watu wa rika lake wanakaa, wanaongea, wakishakubaliana wanamkamata hata kama hataki. Anayeutaka ukubwa mwenyewe, huyo wanamwogopa."

Darasa likaangua kicheko. Madam hakucheka. Alitoa mkono mmoja kwapani, akaandika maneno yale ubaoni, neno kwa neno, na yakakaa pale hadi Ijumaa.

Mwaka ule ule, tukiwa kidato cha tatu, baba wa huyo jirani yangu, ambaye tayari alikuwa rafiki yangu, alikuja siku ya kutembelea wanafunzi. Alikuwa mzee mwembamba mwenye shuka mbili na koti kuukuu juu yake, fimbo mkononi. Rafiki yangu aliniomba nilete kiti. Nikakileta, nikainamisha kichwa kama alivyonifundisha, mzee akanigusa utosini, kisha nikajifanya nafunga kamba za viatu ili nisikie. Umbea ulinianza mapema.

Alisema mama mtu anapoteza macho. Zamani lilikuwa jicho moja, sasa yote mawili, akienda kuchota maji anapapasa njia kwa fimbo. Dada zake rafiki yangu walikuwa wameshaolewa mbali, kaka zake wawili walikuwa mjini wanalinda majumba ya watu. "Desemba nitakuja kukuchukua," alimwambia. Hakusema kwa ukali. Alisema akiangalia chini.

Madam alikuwa anapita, akasimama kumwombea. Akamwambia binti ana akili, amebakiza mwaka mmoja tu. Mzee akamsikiliza mpaka mwisho, halafu akasema, "Mwalimu, kama angekuwa na kazi ya watu hapa, ningewaambia kule nyumbani, huyu ameshikwa na watu, siwezi kumng'oa. Mama yake angenielewa, na wazee wangenielewa. Lakini kusoma tu? Kusoma ni kwake mwenyewe."

Rafiki yangu alimsindikiza baba yake mpaka barabarani, akarudi, akaenda kusimama nyuma ya jiko peke yake. Nilipomfuata nikamkuta analia bila sauti, machozi yanateremka tu. Alisema, "Nataka kumaliza." Maneno mawili hayo. Ndiyo mara pekee nilimsikia akisema anataka kitu.

Basi mimi nikaamua. Uchaguzi wa serikali ya wanafunzi ulikuwa umekaribia, na dada mkuu wa shule ana kazi ya watu kuliko mtu yeyote. Atakuwa dada mkuu. Nikajaza fomu mimi, nikazunguka bweni zima kutafuta wa kumdhamini, nikampelekea kalamu asaini. Akasema, "Mimi siwezi kujitangaza." Nikamwambia, "Hujajitangaza. Nimekukamata." Akacheka, akasaini. Nilijiona mjanja, haki ya nani!

Mpinzani wake alikuwa binti wa kijiji cha Kansay, darasa letu hilo hilo, mkubwa kwetu kwa miaka miwili kwa sababu alichelewa kuanza shule. Mimi sikumpenda na sifichi. Alikuwa na sauti ya filimbi ya refa, ukiisikia unasimama hata kama hujakosa. Tangi la maji lilipokauka mwezi wa tisa, shule nzima ikawa inateremka na ndoo kwenye chemchemi bondeni, na wakubwa tulikuwa tunawasukuma wadogo. Yeye akaandika zamu kwenye karatasi ya daftari, akasimama pale chemchemini kila jioni, na kidato cha kwanza wakawa wa kwanza kuchota. Nilijaribu kupita katikati ya mstari siku moja. Alinipigia kelele mpaka nikamwaga maji kwenye viatu. Sikumsamehe.

Madam alitangaza kwamba safari hii tutachagua sawasawa na nchi inavyochagua. Patakuwa na kampeni, patakuwa na karatasi za kura zenye mhuri, patakuwa na msimamizi wa uchaguzi. Na usimamizi huo akanipa mimi. "Kwa nini mimi?" nikamuuliza, maana msimamizi hapigi kampeni. "Ili unyamaze," akasema. Aliniapisha mbele ya paredi, mkono wangu juu ya katiba ya wanafunzi, kurasa tatu zilizobanwa na pini iliyoshika kutu. Nikaapa kwamba sitampendelea mtu, na kwamba nikiona mtu kampigia nani, nitakufa nalo. Ukungu ulikuwa umeshuka, nusu ya shule siioni. Niliapa nikijihisi mkubwa sana, kana kwamba nchi yote imesimama mle ndani ya weupe inanisikiliza.

Kwenye kampeni binti wa Kansay aliahidi mabomba na akaeleza yatapita wapi. Rafiki yangu alipanda jukwaani, akashika mikono nyuma, akasema, "Mimi sina maneno mengi. Mmenikamata. Nitafanya kazi." Akashuka. Kwanza watu walicheka, halafu wakapiga makofi, na makofi hayakuisha. Nikajua tumeshinda. Nilikuwa msimamizi, sikutakiwa kuwa na "sisi," lakini moyo utauambia nini?

Siku ya kura ninaikumbuka kwa mwendo wa polepole, kana kwamba kila mtu anatembea ndani ya maji. Kituo kilikuwa maabara. Pembeni tulitundika shuka nyekundu ya rafiki yangu, ndiyo ikawa pazia la kupigia kura, maana hakuna kitambaa kingine shuleni kilichokuwa kizito kiasi kile. Sanduku lilikuwa ndoo nyeupe yenye mfuniko uliotobolewa. Mtu anaingia nyuma ya shuka, unaona miguu yake tu, anatoka, anatumbukiza. Karatasi ikianguka ilitoa mlio mdogo sana. Wanafunzi wote walikuwa kimya bila kuambiwa. Hata viranja waliozoea kelele walinong'ona, na Madam alikaa dirishani na sweta zake mbili, hajasema baridi hata mara moja.

Zamu ya rafiki yangu ilipofika, aliingia nyuma ya shuka yake mwenyewe. Nikaona viatu vyake vyeusi, vimesimama, havisogei. Alikaa mle kuliko mtu yeyote. Mstari ukaanza kuguna. Nilitaka kumwambia harakisha, nikakumbuka kiapo. Alipotoka hakuniangalia. Akatumbukiza, akaenda zake.

Tulihesabu mchana. Mimi nafungua karatasi, nasoma jina kwa sauti, msaidizi wa kidato cha pili anachora mstari ubaoni. Jina lake, jina la mpinzani, jina lake, jina lake, jina la mpinzani. Mistari ilikua sambamba. Ndoo ilipokaribia kuisha nikafungua karatasi moja, na mkono wangu ukasimama.

Vema ilianzia kulia, ikashuka, ikapanda kwenda kushoto, na mkia wake mrefu ukatoka nje ya kisanduku. Ilikuwa mbele ya jina la binti wa Kansay.

Niliitazama. Kwenye shule nzima hakuna mwingine aliyeandika hivyo. Madam alitufundisha kwamba alama ikitoka nje ya kisanduku, msimamizi anaweza kuikataa. Ningesema imeharibika, hakuna ambaye angebisha. Lakini nilijua aliyeiandika alikuwa amemaanisha nini, ilionekana wazi, na nilikuwa nimeapa. Nikasoma jina la binti wa Kansay. Sauti yangu ilitoka kwa mtu mwingine.

Binti wa Kansay alishinda kwa kura moja.

"Msimamizi, una hakika na hesabu?" Madam aliniuliza.

"Nina hakika."

Nilitoka nje nikazunguka nyuma ya maabara. Moja! Angejipa mwenyewe ile kura, yeye ndiye angemshinda mwenzake kwa moja. Nilikasirika, nikamlaumu, kisha nikamwelewa, au nilidhani nimemwelewa. Huyu ni mtoto wa watu wasiojitangaza. Yule mwenzake ni mkubwa kwake. Ameshindwa kujichagua mbele ya mkubwa wake, hata gizani nyuma ya shuka, kwa heshima. Heshima ya kwao nilikuwa nimeiona mwenyewe utosini kwangu. Nikasema, basi, imemponza. Desemba anakwenda.

Wiki zilizobaki zilipita kama usingizi wa mchana, unaamka na hujui umelala kiasi gani. Mvua za vuli zilianza, mashamba yakageuka kijani, tukafanya mitihani. Rafiki yangu alifua shuka yake, akaikunja, akaiweka ndani ya tranka. Hakulalamika. Mimi ndiye niliyekuwa nagombana na kila mtu.

Siku ya kufunga shule baba yake alikuja asubuhi, kabla ukungu haujapanda. Rafiki yangu alikuwa ndani anarudisha godoro. Nilimwona mzee amesimama kwenye ua, fimbo begani, anasubiri. Nikamwendea. Nikamwamkia, akanigusa utosini. Nilikuwa sijapanga kusema. Nilisema tu.

"Baba, alishindwa kwa kura moja. Na hiyo moja ni yake. Alimpa mwenzake."

Akanitazama. "Umejuaje?"

"Niliuona mwandiko wake."

"Na yeye, nani alikuwa anamwangalia wakati anaandika?"

"Hakuna, baba. Mle nyuma ya shuka mtu yuko peke yake."

"Na yule mwenzake ni mkubwa kwake?"

"Ni mkubwa."

Mzee akashusha fimbo, akaishika kwa mikono miwili. Ng'ombe wa jirani walipita karibu yetu, tunawasikia kengele hatuwaoni. Kisha akasema, "Watoto wanaheshimu mkubwa akiwepo. Huyu alikuwa peke yake." Akarudia, polepole, anajiambia mwenyewe: "Alikuwa peke yake."

Rafiki yangu alipotoka na tranka kichwani, baba yake alimwambia aliweke chini. Akamwita kwa jina la utotoni. Akamtemea mate kidogo kichwani, ndiyo baraka ya kwao, akamwambia mbele ya wote tuliokuwepo kwamba mtu mwenye heshima hata pasipo macho ya watu haondolewi mahali anapojifunza. Kwamba mtoto wa ndugu yake atakuja kukaa na mama mwaka huo mmoja. Kwamba Januari atamrudisha shule mwenyewe.

Mimi nililia kwa furaha, nikaruka. Nilifikiri rafiki yangu atanikumbatia. Badala yake alinigeuzia uso, akaniangalia, na nikaona ameelewa baba yake amejuaje. Akabeba tranka, akamfuata baba yake, na ukungu ukawafunika wote wawili kuanzia miguuni.

Januari alirudi. Akahamia dawati la mbele. Mwaka mzima wa kidato cha nne aliniambia "pisha," "samahani," na "kengele imelia," basi. Kiwiko changu cha kulia kilikaa huru na nilikichukia. Nilikwenda kwa Madam, nikaungama kila kitu, nikitegemea atanifariji. Alinisikiliza, akasema, "Mwanangu, kwenye mtihani andika kwamba kura ni siri. Utapata maksi zote." Akaondoka. Sijawahi kuchapwa fimbo iliyouma vile. Na binti wa Kansay, niseme ukweli, alikuwa dada mkuu mzuri. Alimsumbua mkuu wa shule mpaka tangi likazibwa ufa wake, na zamu za chemchemini zikaisha.

Siku tuliyomaliza mtihani wa mwisho, rafiki yangu alikuja akakaa karibu yangu kwenye ukuta wa bustani ya kabichi. Alikaa mkono wangu wa kulia, mahali pake pa zamani.

"Msimamizi," akaniita.

"Naam."

"Wewe ulidhani nilimpa kwa heshima."

"Si ndiyo?"

"Hukuniuliza."

Nikanyamaza. Kwangu hiyo ni kazi.

"Nilitaka kubaki," akasema. "Nilitaka kuliko kitu chochote. Niliingia mle ndani nimeshaamua kujipa. Nikashika kalamu. Halafu nikawakumbuka wale watoto wa kidato cha kwanza na ndoo zao, nikajiuliza, mimi ningeweza kusimama chemchemini nikawapigia kelele wakubwa? Nisingeweza. Yeye aliweza. Madam alitufundisha, chagua anayefaa. Nikamchagua anayefaa. Haikuwa heshima, haikuwa ukubwa wa miaka. Alikuwa bora kuliko mimi, basi."

"Sasa mbona hukumwambia baba yako?"

"Ningemwambia, ningekuwa nyumbani nachota maji." Alikuwa anachambua jani la kabichi, mshipa mmoja mmoja. "Ikabidi niwe yule mtoto mliyemtengeneza wewe na baba. Mwaka mzima nimekuwa yeye. Likizo wananiita niwasimulie watoto wa kule kwetu jinsi nilivyomheshimu mkubwa wangu. Nasimulia."

Nilitaka kusema nisamehe. Nikasikia mdomo wangu unasema, "Mimi nilikuokoa."

"Ndiyo," akasema. "Uliniokoa. Asante." Na aliimaanisha, ndiyo maana iliuma. "Lakini maisha yangu yote, ile ndiyo mara ya kwanza niliamua kitu na hakuna mtu ananiangalia. Nilitoka mle nikiwa nimekosa kila kitu, na nilikuwa na furaha. Kumbe wewe ulikuwa unaangalia."

Gari la kwao likapiga honi. Akasimama, akakung'uta sketi, akaniinamia akanigusa utosini kama baba yake, utani wetu wa zamani, akaenda.

Alirudi Endulen, akamshika mama yake mkono mpaka mama akazoea giza lake. Miaka ikapita. Baadaye wanawake wa kwao walimkamata, kama alivyotueleza darasani, wakamsukuma akagombee nafasi kwenye serikali ya kijiji, na sasa ana kazi ya watu mpaka hana muda wa kula. Nasikia hapigi kelele. Nasikia wanamsikiliza hivyo hivyo.

Siku za mnada hushuka Karatu, na akishuka hupita dukani. Yule binti wa mitihani ya Uraia alikuwa bado amesimama ananisubiri nilipomwona rafiki yangu anavuka barabara na shuka yake, mrefu vile vile, anawapisha watalii. Binti akaniuliza, "Mama, hili la sita wewe unalijua jibu?" Nikamwambia aandike alivyofundishwa na mwalimu wake. Nikampa kopi zake, akaondoka.

"Msimamizi, upo?" Bado ananiita hivyo. Kila mara najibu, na kila mara kuna kitu kinanichoma hapa.

"Nipo. Karibu, mama."

Akatoa karatasi kifuani, imekunjwa mara nne. "Kopi mbili. Usisome."

Nikaipokea. Nikaikunjua huku nimegeuza uso kabisa, naangalia barabarani, ambako vumbi lilikuwa limesimama hewani baada ya gari kupita. Nikapapasa kioo kwa vidole, nikailaza kifudifudi, nikafunika. Mwanga ukapita chini ya mfuniko, ukarudi. Mashine ikanguruma na usingizi wake. Kopi zikatoka, nikazigeuza bila kuziangalia, nikazikunja pamoja na ile ya kwanza, nikampa. Alikuwa amesimama upande wangu wa kulia, ananiangalia macho yangu yalipo.

"Umesoma?"

"Sijasoma."

Akazirudisha kifuani. Akavuta kiti, akakaa.